Dakika zile bila antivirus

Leo nimeiacha kompyuta ya nyumbani uchi, na sijui nimefungulia nini.

Fundi alisema antivirus mbili hazikai pamoja: toa ya zamani kwanza, ndipo uweke mpya.
Nikatoa. Mpya ikaanza kushuka, na mtandao wa huku Utemini mnaujua ulivyo mzito.

Haijafika nusu, hodi.
Mjomba, katokea Mkiwa, na flashi mkononi.
Shikamoo, marahaba. "Niwekee picha za msiba wa mama yenu, wazee wazione."

Ningemwambia asubiri? Mjomba?
Nikachomeka.

Akashukuru, akaondoka kurudi Mkiwa, njia ya Ikungi.
Jioni nikarudi kwenye kompyuta. Kila faili limebaki jina tu. Nikibofya, halifunguki.
Hata ile sauti ya mama niliyoirekodi akiimba Kinyaturu.

Nakala nyingine ni moja tu, kwenye kompyuta ya dada yangu, Ikungi.

Nimempigia sasa hivi.
"Ipo," kasema. "Halafu ngoja kidogo, Mjomba kapitia hapa, kuna picha nazihamisha kutoka kwenye flashi yake."

Simu ikakatika. Napiga, haipatikani.

Aliye Ikungi karibu na kwa dada, tafadhali, kimbia.