Mtu Aliyetishia Kuhesabu Watoto

Mama yangu hahesabu watoto. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi atakujibu, "Wako," na ukisisitiza atakuuliza kama unataka kuwanunua. Ndivyo alivyolelewa kwao Tetu: mtoto huitwa kwa jina lake, huku kumwelekezea kidole na kumpa namba ni kumwonyesha kwa kifo. Mimi nafundisha hesabu katika shule ya msingi Nairobi, kwa hiyo unaweza kufikiria tumevutana mara ngapi.

Sikuwa nikimcheka sana, maana najua hofu hiyo ilitoka wapi. Nilipokuwa mdogo karani wa sensa alikuja nyumbani, na baba akamtajia idadi yetu kamili, kwa sauti, mama akiwa jikoni anasikia. Kabla mahindi hayajakomaa shambani, mdogo wangu akafa kwa homa ya siku mbili. Mimi husema ilikuwa nimonia. Mama hajawahi kusema ilikuwa nini. Husema tu, "Mwaka ule tulihesabiwa."

Likizo ya Agosti ilipokwisha nilienda kuwachukua watoto waliokuwa kwake: wangu wawili, wa kaka yangu na wa dada yangu. Mama akasema atatusindikiza hadi Nairobi, kwa sababu alitaka kupanda treni. Reli ilikuwa imeota nyasi miaka mingi, na sasa treni ilikuwa imerudi, ikishuka kutoka Nanyuki Jumapili. Tulipandia Kiganjo. Karani wa tiketi alipouliza tuko wangapi, mama aliondoka dirishani akajifanya anautazama Mlima Kenya, na siku hiyo mlima haukuonekana kabisa. Ukungu wa Agosti ulikuwa umeshuka hadi kwenye reli. Nililipa, nikapewa tiketi zetu zote, nikazifunga kwa mpira na kuzitia mfukoni.

Tulikuwa hatujafika Karatina treni iliposimama katikati ya mashamba ya kahawa. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Watu waliacha kuzungumza, kama watu wanavyofanya kitu kikisimama bila sababu, na hapo ndipo mtu mmoja akaingia kutoka behewa la mbele. Alivaa jaketi la kuakisi mwanga juu ya koti la suti, na mkononi alikuwa na daftari dogo. Hakuwa na beji. Hadi leo sijui kama alikuwa mfanyakazi wa reli au mtu tu aliyejua kuvaa jaketi.

Hakuomba tiketi za vijana. Aliwapita. Alisimama mbele ya bibi mmoja mwenye kilemba, viti vitatu mbele yetu, aliyebanana na wajukuu wake.

"Watoto ni ngapi hapa, mama?"

"Ni wa watoto wangu."

"Sijauliza ni wa nani. Nimeuliza ni ngapi." Akainama, akarudia swali lile kwa Kikuyu, taratibu, kama mtu anayebembeleza mgonjwa. Kisha akainua kidole. "Si nihesabu? Moja..."

Yule bibi alikidaka kile kidole. Alikishika kwa ngumi, na kwa mkono wa pili akafungua fundo kwenye pindo la leso yake, akatoa noti. Mtu yule aliipokea kwa heshima, akamwambia Mungu ambariki. Hakuandika chochote katika daftari. Alienda kwa mzee mmoja aliyekuwa na wajukuu, na yule mzee hakungoja hata kidole.

Nilichelewa kuelewa. Mgeni angeomba ya chai akisingizia mizigo au umri wa watoto, mkabishana. Huyu hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa huku, amelelewa na nyanya kama hawa, amekatazwa kidole hicho tangu utotoni, na sasa alikuwa ameigeuza hofu ya nyanya yake kuwa kazi.

Alipotufikia, mama alikuwa tayari ametia mkono kifuani kutafuta kibeti chake. Nilimshika kiganja.

"Hapa ni wengi," mtu yule alisema. Nilimnyoshea tiketi. Hakuzitazama, wala mimi hakunitazama. "Tiketi ni karatasi tu. Lazima nijue watoto ni ngapi. Si nihesabu, shosho?" Alimwita mama nyanya, kama wajukuu wake wanavyomwita.

"Ongea na mimi," nikasema. "Tiketi ni mimi nilinunua."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mwalimu."

"Wa nini?"

Ningenyamaza. Lakini nina hasira za karibu, na pia nilitaka behewa zima lisikie. "Wa hesabu."

Akatabasamu. "Basi wewe huogopi."

"Mpatie," mama akasema kwa sauti ya chini. "Mpatie tu aende." Heri nusu shari kuliko shari kamili, ndivyo mama alivyoishi maisha yake yote, na ndivyo watu kama huyu wanavyonenepa. Nilimwambia mama hapana. Nikasimama. Nikaanza kugusa vichwa vya watoto, kimoja kimoja, kila kichwa na tiketi yake kwenye meza iliyo kati ya viti. Moja. Mbili. Tatu. Wale wakubwa walicheka, wakidhani ni mchezo. Nne. Tano. Sita. Wa mwisho, wa miaka mitatu, mtoto wa kaka yangu, alikuwa amelala mapajani mwa mama, na mama alikuwa amemfunika kichwa kwa kiganja chake. Niligusa kile kiganja.

"Saba," nikasema.

Saba kwetu si namba ya kutamka ovyo. Wazee huizunguka, kama mtu anavyozunguka shimo njiani. Nilijua hivyo nilipokuwa nikitamka, na ndiyo sababu niliitamka kwa sauti kubwa.

Mtu yule hakukasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa vitisho vya kushushwa, lakini alitazama tu watoto wetu na kutikisa kichwa polepole, kama mtu wa matanga. Akaitaja ile namba tena, kwa Kikuyu. "Watu wote wamesikia," alisema. "Ni wewe umewahesabu, mwalimu. Si mimi."

Akaenda zake bila hata shilingi kutoka kwetu. Kijana mmoja nyuma alipiga makofi, mara moja, akaacha. Mwanamke aliyeketi karibu nasi, mwenye mtoto mchanga, alisimama na kuhamia kiti cha mbali. Treni ikaanza kwenda.

Karatina ilipita, ukungu ukabaki nyuma yetu, joto likaingia tulipokaribia Sagana, watoto wakafungua madirisha na kutoa mikono. Mama alikuwa akilowesha kidole chake kwa mate na kuwagusa vifuani, mmoja baada ya mwingine, kama wazee wanavyobariki. Mimi nilizungumza peke yangu. Nilisema nitamshtaki mtu yule Nairobi, nilisema ndivyo wanavyozoea, nilisema laiti yule bibi wa mbele angekuwa na mtu wa kumtetea. Nilikuwa nimejaa fahari hadi sikuona kwamba mama, akimaliza wote, alikuwa akianza upya.

Karibu na Thika nilimpeleka mtoto mmoja chooni. Niliporudi, mtu yule alikuwa akiinuka kutoka kiti changu. Alinipisha kwa adabu.

"Amechukua nini?" nikamuuliza mama.

"Nimempatia."

"Ya nini? Si nilimaliza hiyo maneno?"

"Hukumaliza. Ni wewe ulianza." Alikuwa amefumbata kibeti, na kibeti kilikuwa kitupu. "Nimemwambia aseme hakuna mtu alihesabiwa. Amesema. Amenishika mkono akasema."

Niligeuka nimfuate. Mama alinikamata sketi, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Ukienda kumpigia kelele, atasema tena," alisema. "Wewe kesho uko na shule yako. Mimi nitarudi Tetu nikae na simu kwa mfuko, nikingoja kuambiwa ni nani."

Nikaketi. Mtu yule alikuwa amepata kutoka kwetu zaidi ya alivyopata kwa yeyote katika behewa lile, na bei hiyo niliipandisha mimi, nikiwa nimesimama wima, na tiketi halali mezani.

Jumatano hiyo, wakati wa mapumziko shuleni, wifi yangu alinipigia simu. Yule wa miaka mitatu alikuwa na homa tangu usiku. "Tafadhali usimwambie shosho," akasema. Sikumwambia, na hadi leo hajui. Daktari alisema ni mafua, huenda ni ule upepo wa dirishani, na Jumamosi mtoto alikuwa akikimbiza kuku wa jirani.

Lakini kabla ya Jumamosi kulikuwa na Alhamisi, siku ya pili ya homa, na haikuwa imeshuka. Nilisimama mbele ya darasa, chaki mkononi, watoto wakiningoja niandike hesabu inayofuata, nami nilikuwa nikimfikiria yule mtu. Sikuwa nikifikiria kumshtaki. Nilifikiria kwamba kama angefungua mlango wa darasa wakati ule, akaniambia atasema sikuhesabu mtu, ningempa kila nilichokuwa nacho.