Malipo ya Chini ya Lesiamon

Lesiamon huendesha lori la saruji kati ya Athi River na Namanga, na boma lake liko Kisaju, si mbali na duka langu la nyasi na dawa za mifugo. Ni mtu asiyepoteza kitu. Akirudi jioni husimama langoni, ng'ombe wakapita mmoja mmoja, yeye akawatazama tu. Hahesabu, maana kwao kuhesabu ng'ombe ni kuwaitia mkosi. Lakini mmoja akikosekana atakuambia ni yupi, ana rangi gani na mama yake alikuwa nani. Mimi ninayehesabu hata misumari nilikuwa nikimcheka, hadi nilipogundua kwamba hakosei.

Ukame wa 2022 ulimkuta na ng'ombe kumi na wanne. Majirani walikuwa wakiburuta mizoga hadi kando ya barabara. Akaja kwangu na kadi ya mkopo aliyopewa na benki inayopitisha mshahara wake, akachukua marobota mia nne na hamsini ya nyasi, kila robota shilingi mia nne. Jumla ni laki moja na elfu themanini. Nikapitisha kadi kwenye mashine, ikakubali, tukapakia. Mvua iliponyesha, tisa walikuwa bado hai.

Miaka miwili baadaye aliingia dukani asubuhi akiwa na bahasha nene, uso ameukunja. Binti yake, Nailantei, alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi, na sacco, chama chake cha akiba na mikopo, ilikuwa imekataa kumkopesha karo. Walimwambia bado anadaiwa laki moja na kumi ya kadi, ailipe kwanza.

"Mama Shiro," akasema, "ile mashine yako ilikata mara ngapi?"

Mimi mdomo ninao, Kisaju yote inajua. Nikamwambia risiti niko nayo, na kama anataka kuniita mwizi aende akaniite kwa chifu. Nikamtajia na mara zote nilizomwongezea robota bure. Akakaa juu ya gunia la chumvi akaningoja nimalize. Kisha akanipa ile bahasha.

Ndani mlikuwa na stetimenti za kadi, karatasi moja ya kila mwezi, ishirini na nne kwa jumla. Alikuwa amezisoma zote, lakini alizisoma kwa jicho la langoni. Kila mstari alioutambua aliutia alama ya kalamu: nyasi, sawa, malipo yangu, sawa. Mstari wa riba nao alikuwa ameutia alama, kwa sababu ulikuja kila mwezi hadi akauzoea. Hakuna mgeni, hakuna aliyepotea. Ile jumla ya deni lililobaki, mwisho wa karatasi, hakuwahi kuishughulikia. Alitafuta tu palipoandikwa malipo ya chini, akatuma hicho kiasi hadi shilingi ya mwisho, na hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Alidhani benki imemgawia deni mafungu, kama sacco inavyofanya, na kwamba mafungu yako karibu kuisha.

Hasira ikaniisha. Nikachukua karatasi ya mwezi huo nikamsomea polepole. Malipo ya chini, elfu tano mia tano na arobaini. Riba ya mwezi, elfu tatu mia tatu na ishirini. Kwa hiyo katika pesa alizotuma, zilizogusa deni lenyewe ni elfu mbili na mia mbili hivi. Nyingine zote zilikuwa za benki.

"Na yote nimelipa ni ngapi?"

Nikajumlisha kwa kikokotoo karatasi baada ya karatasi. Laki moja na sabini na tatu.

Nyasi zenyewe zilikuwa laki moja na themanini, na hilo halikuhitaji kikokotoo.

"Si wanasema dawa ya deni ni kulipa?" akauliza.

"Ni kulipa yote, Baba Nailantei. Hii ya chini inafanya benki isikusumbue tu. Deni haiishi."

Akazirudisha karatasi kwenye bahasha kwa mpangilio uleule, mwezi baada ya mwezi. Nilidhani anaondoka.

"Siku ile nimeleta kadi," akasema, "wewe ulikuwa unajua hii maneno?"

Ningeweza kudanganya. Lakini kadi kama hiyo ilinichoma mwaka niliofungua duka, na siku ile nilipoona ameishika niliwaza kumwonya. Kisha nikatazama yale marobota mia nne na hamsini, nikaogopa ataghairi.

"Nilijua," nikasema.

Aliuza ng'ombe watatu mnadani Bissil, watatu kati ya wale tisa waliookolewa na nyasi zangu. Deni la kadi likaisha kwa mkupuo mmoja. Sacco ikatoa karo, na Nailantei akaripoti chuoni akiwa amechelewa wiki moja tu. Hayo niliyasikia kwa watu.

Siku hizi Lesiamon ananunua nyasi kwa Muturi, ng'ambo ya barabara, kwa pesa taslimu. Muturi anauza robota shilingi thelathini zaidi yangu. Nikimwona anapakia huwa naingia ndani ya duka, kwa sababu inaniuma.