Wigi Jeupe Juu ya Kaburi la Babu

Nichekeni, ila msiwaambie watu wa Bariadi mjini, maana ndiko nitakakofungua ofisi ya uwakili.

Juzi nilirudi kwetu Sapiwi na shahada ya uzamili ya sheria kutoka Uingereza, pamoja na joho na wigi jeupe la mawakili wa kule. Alfajiri iliyofuata, nikitaka kufanya mazoezi ya kutetea kesi pasipo mtu kuniona, nilivaa vyote nikaingia zizini, alimozikwa babu kama ilivyo desturi yetu kwa mwenye mji, nikasimama juu ya jiwe la kaburi lake. Ukungu ulikuwa mzito. Nilipoanza kunguruma kwa Kiingereza, ng'ombe wote waliacha kucheua, wakakodolea macho upande wangu.

Kisha nikamwona bibi amepiga magoti mbele yangu, na bakuli la unga wa mtama aliomletea marehemu mumewe.

“Baba Shija,” aliniita kwa jina la babu, “umekuja mwenyewe.”

Nilipaswa kuvua wigi. Aibu ikanishika, nikabaki nalo kichwani.

“Wanunuzi binafsi wamekuja na malori. Pamba tuwauzie wao, au tubaki na ushirika?”

Pamba ya mwaka mzima! Usomi ukanipanda kichwani. Nikajibu kwa sauti ya kaburini, “Wauzieni, lakini mkataba uwe wa maandishi, kwa mujibu wa kifungu cha kumi cha Sheria ya Mikataba.”

Bibi aliinuka taratibu.

“Baba Shija hakujua hata kuandika jina lake. Teremka, mjukuu wangu. Umemkanyaga, na bado hajanijibu.”

Niliruka chini. Hakuna ng'ombe aliyenigeukia. Wote walikuwa bado wanalitazama lile jiwe.