Maneno Mafu Katika Maombi ya Mjomba Zaka

Aibu hii nimeibeba mwenyewe muda mrefu, na mama akijua nimeisimulia ataniita kwa majina yangu yote matatu, lakini bora mnisikie mimi kuliko binamu yangu Leah, ambaye chumvi huimwaga kwa kopo.

Ilikuwa Jumamosi mchana, nyumbani kwetu Annandale, huku ughaibuni, kule chini besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Watanzania na Wakenya kama ishirini walikuja kumwombea Mjomba Zaka, kaka yake mama, aliyekuwa afanyiwe upasuaji wa moyo Jumatatu. Mjomba ni dereva wa basi, mtu wa kucheka mpaka madirisha yatikisike, ila siku ile alikaa kimya pembeni ya mashine ya kufulia, mikono mapajani. Alishamwambia mama wazi kwamba anaogopa, na akipata sababu yoyote haendi.

Mama akataka na watoto waombe, hata kwa Kiingereza (watoto wa huku Kiswahili wanakisikia, kukizungumza ndiyo kazi), akanisukuma mimi mbele. Sasa wiki ile nilikuwa nimeokota maktaba kamusi chakavu ya maneno ya Kiingereza yaliyokufa, yale ambayo wenyewe wameyatelekeza bila hata kuyazika, na nilikuwa namkera nayo Leah kutwa. Nikamwona amebana midomo, ananisubiri nimchekeshe. Basi mimi huyo, nikafumba macho, nikatetemesha mabega kama mchungaji, nikaanza: overmorrow, eme, fey. Overmorrow, eme, fey. Niliyachagua kwa mlio wake tu, maana zake hata sikuzifikiria.

Hakuna aliyecheka. Nilisahau kwamba kwenye maombi yetu mtu akitoa maneno yasiyoeleweka, huyo ananena kwa lugha, na lugha lazima ipate mfasiri. Watu wakaitikia, "Ndiyo, Bwana!" Halafu wakamngoja mfasiri. Bibi Anna, mgeni wa jirani kutoka Singida, ambaye Kiingereza chake chote ni kusema asante, akasimama bila kushika fimbo yake. Sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba, kama inapitia tundu la ufunguo.

"Keshokutwa," alisema, kidole kikimwelekea mjomba. "Kaka wa mama. Keshokutwa. Kifo kimeshamwona."

Overmorrow ni keshokutwa. Eme, kaka wa mama. Na fey, zamani hizo, ni mtu ambaye kifo kimeshamchagua. Maana hizo sikumwambia mtu yeyote, hata Leah.

Mjomba akainuka. "Dada, umesikia. Siendi."

Mama akaanza kulia, na mimi mdomo ukafunguka wenyewe: "Mjomba, nilikuwa natania! Nimeyatoa kwenye kamusi!"

Mama mmoja Mkenya akashika kichwa. "Wee kijana! Unachezea Mungu na mgonjwa amekaa hapo?"

Mjomba akanijia mpaka nikasikia pumzi yake. "Yana maana gani?"

Hapo ndipo nilipodanganya mbele ya Biblia kumi na tano. Nikasema la kwanza ni jibini, la pili ni ndege wa majini, la tatu ni soksi za wanawake.

"Soksi?" Mjomba aliduwaa, kisha akacheka kicheko chake chote, akafuta macho, akamwambia mama, "Jumatatu unipeleke wewe." Mimi nilipigishwa magoti kuomba radhi mtu mmoja mmoja, Leah akinirekodi. Nilipofika kwa Bibi Anna, alinishika mkono, vidole baridi kama chuma cha nje, akaninong'oneza:

"Umedanganya vizuri, mjukuu wangu. Mwache aende."

Jumatatu darasani sikusikia somo hata moja, mpaka mchana mama alipotuma ujumbe: ametoka upasuaji salama, anaomba uji.

Leo mjomba yuko kwenye usukani wake. Mimi utani sijaacha, msiwadanganye watu, ila nikiambiwa niombe nasema, "Bwana, asante, amina," kwa Kiswahili kinyoofu, nakaa chini. Kuna watu kama Bibi Anna wanaosikiliza mle ndani ya maombi, na sijui ni wangapi.