Kanda ya Sataranji Iliyokwenda Migato

Juzi fundi mmoja hapa Bariadi mjini alikuwa anajaribu redio ya mteja, ikatoa mlio mkali wa kukwaruza, nikasimama barabarani kama mjinga. Mlio huo naujua. Kompyuta ya baba ililia hivyo hivyo kabla ya kuanza mchezo wa sataranji.

Baba alikuwa bwana shamba wa pamba pale Dutwa. Kompyuta alirudi nayo kutoka masomoni ng'ambo: kibodi tu, unaiunga kwenye televisheni ndogo, vyote vinakula betri ya gari. Mchezo wenyewe ulikaa kwenye kanda ya kaseti, kama za muziki. Ukiiweka kwenye redio kaseti iliyoungwa na kompyuta inapiga kelele dakika tano nzima, halafu ndiyo wanatokea farasi na malkia.

Kabla ya hapo jioni za baba zilikuwa zangu. Nilimsomea gazeti, naye akanisahihisha. Kompyuta ilipokuja, mdogo wangu Kabula akaielewa sataranji upesi, mimi hata farasi anapita wapi sikujua. Basi wakawa wao wawili, vichwa vimegusana, wanashauriana namna ya kuifunga mashine. Mimi naambiwa, "Milembe, mama, tuletee chai." Nilimwonea Kabula wivu mpaka chakula hakipiti.

Bibi yetu kule Migato hakujua kusoma, kwa hiyo barua zake zilikuwa za sauti. Tulirekodi salamu kwenye kanda, tukampa mtu anayekwenda mnadani huko. Jumamosi moja mama akanituma nirekodi. Kanda tupu ilikuwepo, sitawadanganya. Nikachukua ya sataranji, nikaziba vile vitundu vya juu kwa karatasi ili ikubali kurekodi, nikasema, "Mwangaluka, bibi. Sisi wazima. Ila baba siku hizi hanitaki, anamtaka Kabula tu."

Jioni kanda ikatafutwa, haipo. Mtunzaji wake alikuwa Kabula, akasemwa hadi akalia. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Mwezi uliofuata baba akanichukua twende kumsalimia bibi. Bibi, kwa fahari zake, akaiweka kanda. "Msikilize mjukuu wangu anavyonisalimia," akamwambia baba. Nikatamani ardhi ipasuke. Sauti yangu ikasema yote, ikaisha, ukafuata ule mlio wa sataranji. Baba akaujua palepale. Nikasubiri kofi. Yeye akamwomba bibi airudishe mwanzo, akasikiliza tena, kichwa kimeinama. Njia nzima ya kurudi hakusema neno. Nyumbani alimwambia Kabula kwamba kanda imeonekana, na kwamba hakuipoteza yeye. Basi.

Miaka mingi niliamini alininyamazia kwa hasira. Sasa nina wangu wawili. Mwaka huu mkubwa akaniuliza, taratibu tu, "Mama, mbona ukicheka unamwangalia mdogo wangu?" Kumtazama usoni nikashindwa. Ndipo nikajua kwamba siku ile baba hakuwa amekasirika. Alikuwa anaona aibu.