Herufi Mbili na Kikombe cha Tereré

Jumanne moja, saa moja na dakika kumi asubuhi, wagonjwa mia mbili na kumi na wawili walitoweka pale hospitalini kwetu Asunción.

Wao wenyewe walikuwepo. Tena tisa walikuwa wamekaa kwenye benchi, wanasubiri zamu ya kusafishwa damu. Kilichotoweka ni majina yao kwenye kompyuta.

Aliyeyafuta ni Mama Zunilda wa kitengo cha kumbukumbu. Miaka kumi na tisa kazini, miezi minne imebaki astaafu.

Mimi ndiye niliyeandika chombo alichotumia. Ni dirisha jeusi la kuandikia amri. Unaandika herufi mbili tatu za jina la jedwali, unabonyeza kitufe, chombo kinajaza jina lililo juu ya orodha yake.

Zamani jina fupi ndilo lililokaa juu. Wiki ile nikaona nijifanye mjanja: jina linalotumiwa na watu wengi ndilo likae juu. Nikaandika majaribio thelathini na sita. Yote yakapita. Nikajipongeza kwa empanada mbili, zile sambusa za kwetu.

Sasa, kila asubuhi Mama Zunilda hufuta jedwali la mazoezi ya wauguzi, linaitwa "prueba". Huandika amri ya kufuta, halafu "pr", kitufe, ingiza. Siku ile "pr" ikaleta "programados". Hilo ndilo jedwali la wagonjwa wenye zamu.

Chombo hakikuuliza mara mbili. Hakijawahi kuuliza.

Tuliyarudisha majina kutoka kwenye nakala ya jana, ikatuchukua hadi saa sita. Wale tisa walikuwa wamevimba miguu, na ndugu zao wamevimba kwa hasira.

Mkurugenzi, Daktari Eulalio, akatuita.

"Zunilda, unaondoka leo. Na barua ya kustaafu usahau."

"Daktari, mimi nimefanya kama ninavyofanya siku zote."

"Siku zote unafuta wagonjwa?"

Akanigeukia mimi. "Chombo kina kasoro?"

Jamani, nitasema ukweli. Niliogopa.

"Hakina, daktari. Majaribio yote yamepita. Orodha inaonekana wazi. Ni mtu tu kusoma kabla ya kubonyeza."

Mama Zunilda akanigeukia. Mwanamke huyu alinifundisha kazi nilipoanza, hata chipa ya asubuhi, mkate wetu wa jibini, alikuwa akininunulia. Niliona aibu, nikaangalia sakafu.

"Tuonyeshe," akasema mkurugenzi. "Kwenye nakala. Niandike kwenye ripoti kwamba nimeona."

Nikakaa. Derlis wa maabara ndiye aliyekuwa anamimina tereré, ile chai yetu baridi ya kunywa kwa zamu, na zamu ikanifikia. Kikombe cha pembe hakina kitako, huwezi kukiweka mezani. Na kumchelewesha anayemimina ni utovu wa adabu. Nikakishika kwa kushoto, mrija mdomoni, mkono wa kulia ukabaki kwenye vitufe.

"Tuseme nataka kufuta lile la mazoezi," nikaeleza kati ya mafunda. "Naandika amri. Naandika 'pr'. Hapa mtu mwenye akili timamu anasoma orodha, anaona..."

Vidole vilikuwa vimeshamaliza.

Dirisha likaandika: safu 212 zimefutwa.

Nikaishiwa pozi. Mrija wangu ukakoroma, kikombe kimekwisha.

"Umeona nini hapo?" mkurugenzi akauliza.

"Sikuangalia, daktari."

"Kwa nini?"

"Nimezoea."

Derlis akachukua kikombe chake. "Basi wafukuzwe wawili," akasema, "maana mmoja atakosa wa kupiga naye soga."

Mama Zunilda akavuta kiti, akakaa karibu nami.

"Andika ripoti, mwanangu," akasema taratibu. "Na jina langu lisiwemo."

Niliandika. Kosa: mpangilio wa orodha ulibadilishwa bila watumiaji kuambiwa. Aliyekosea: Osmar Benítez Duarte, ambaye ni mimi. Mkurugenzi akaisoma, akaondoa neno lake la kumfukuza Mama Zunilda, nami nikakatwa mshahara wa wiki mbili. Mama Zunilda alistaafu Novemba na barua yake mkononi.

Jaribio la thelathini na saba niliandika siku hiyohiyo: amri ya kufuta isijaziwe jina kamwe, mtu aliandike lote kwa mkono wake.

Wewe unayetengeneza vitu vya watu, usiwapime kwa macho yao. Wapime kwa mazoea yao. Na ukikosea, sema mapema, kabla hujaambiwa uonyeshe.