Masomo ya Yaya Kapinga Kwenye Kinu

Nikisikia mahali michi miwili ikipokezana ndani ya kinu kimoja, namwona tena yaya Kapinga, dada yangu mkubwa, na vumbi jeupe la muhogo mkavu limemkaa kwenye nyusi kama mvi.

Tulikaa mtaa wa Kenya, mjini Lubumbashi, miaka ile ya Zaire, baba akifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba. Kila alasiri, tukitoka shule, tulimtwangia mama muhogo wa kuuza sokoni. Yaya alikuwa darasa la sita. Baba alikuwa amesema wazi: akifaulu ataendelea na sekondari, akianguka atabaki sokoni na mama.

Saa ya kusoma haikuwapo, kwa hiyo yaya alisoma akitwanga. Alitamka masomo yake kwa Kifaransa, kila neno na pigo lake. Mimi mdogo wake sikuelewa kitu, lakini alipokwama mchi wake ulichelewa, ukagongana na wangu. Hapo alirudi mwanzo wa somo, bila kununa, viganja vyangu vikiwaka moto. Nilidhani anapenda kelele tu.

Mama Mwamba, jirani yetu, alimcheka kutoka upande wa pili wa ua.

"Kapinga, unafundisha kinu Kifaransa? Itapata diplome lini?"

"Kinu ilisha kufaulu, mama," yaya akajibu. "Ni miye ndjo nabakia."

Wiki zilivyokwenda, michi ikawa inagongana mara chache, halafu ikaacha kabisa.

Siku ya proklamasyo, wazazi walisimama kwenye uwanja wa shule kusikiliza matokeo. Sitwayeni mwalimu, yaani raia mwalimu, ndivyo tulivyopaswa kumwita miaka ile, alisoma majina kuanzia wa kwanza; walioanguka hawakutajwa. Mama alikuwa bado anafunga vizuri kitenge chake, akijiandaa kungoja sana, jina la kwanza likasomwa. Lilikuwa la yaya, mbele ya wavulana wote. Baba alivua kofia, akakosa pa kuiweka.

Yaya akawa mwalimu. Mimi sikufika mbali kimasomo, nasema kweli, wala sikuwahi kumwonea wivu. Mwezi uliopita tulimzika. Kwenye kilio watu walimsifu, mmoja baada ya mwingine, kwamba alizaliwa na akili. Walisema kwa mapenzi. Utotoni nilijua maumivu ya mikono tu. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa namwona mtu akijijenga, neno kwa neno. Mwishowe nikasimama.

"Bakubwa, hapana," nikasema. "Alijifunza. Miye nilikuwa pale."